Msafiri Asiyetaka Ujira

Harufu ya kile kitabu ilinifika puani kabla macho hayajakiona. Tope la mikokoni likishakaukia kwenye karatasi halitoki tena, hata likae sandukuni miaka na miaka pamoja na tumbaku na vidonge vya nondo. Nilikuwa nimeinamia sanduku la Mzee Mkumba, nyumbani kwake Bungu, mchana wa siku tuliyomzika. Nje watani wenzangu walikuwa wanaendelea na vituko vyao. Mmoja alivaa koti la marehemu akatembea akikohoa kama yeye, mwingine alikuwa anakimbizana na jogoo, na asubuhi wanawake walishazuia jeneza mlangoni mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ukoo wa Mzee Mkumba na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu, na mtani hana ruhusa ya kukaa msibani akalia kimya kimya. Ruhusa aliyonayo ni ya kuchukua. Mkwe wa marehemu ndiye aliyenisukuma chumbani: "Ingia, mtani, chukua chako mapema, usije ukatusema njia nzima."

Nilikuwa nimekusudia kuchukua kofia. Nilitoka na kitabu kisicho na jalada, nikaenda kukaa nacho kwenye mkeka nyuma ya nyumba, na sikukifungua kwa muda mrefu.

Wenzangu mliokulia kwenye mpunga mnaukumbuka msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, nyumba ya kijijini inafungwa, na watu wanahamia shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini. Kuanzia alfajiri mpaka ndege wanapokwenda kulala, kazi ni kupiga kelele, kugonga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Kwetu ilikuwa ng'ambo ya Nyamisati, na juu ya dungu tulikaa mimi na Mama. Baba alikuwa anavua kamba, anakuja maji yanapomruhusu. Shangazi yangu, dada yake Baba aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alibaki na dungu lake upande wa pili wa shamba, karibu kiasi cha kuona moshi wa jiko lake na kusikia akikohoa.

Katikati ya mchana, joto likizidi, ndege hupumzika. Hapo ndipo Mama alipotoa kitabu chini ya kanda la mpunga. Kabla ya msimu alikuwa akiuza vitumbua gatini Nyamisati, kwa abiria wa Mafia, na kitabu alikipata huko. Jalada halikuwepo. Jina la mtungaji halikuwepo. Mama alikuwa amekishona mgongoni kwa uzi mweusi, ule aliotumia kushonea mikeka, kisimwagike kurasa.

Kilikuwa kitabu cha kutisha. Binti mmoja, Nunu, dada yake amenyang'anywa kivuli na Sultani wa Giza. Mtu aliyechukuliwa kivuli hafi. Anakula, anafagia, anajibu salamu, ila ukimwita kwa jina lake hageuki. Nunu akaapa kwenda kukirudisha kivuli hicho kwenye mji ulio chini ya mto, ambako jua halijawahi kufika na watu wanatambuana kwa kunusana. Nilikuwa nasikiliza huku nimeshika nguzo ya dungu, maana mji wenyewe nilijua uko wapi. Uko chini yetu, palepale kwenye maji meusi yaliyokuwa yanapita kati ya mpunga.

Lakini kilichoninasa si Sultani. Ni wale wasafiri wenzake. Mama alisoma hadithi nyingi za aina ile alipokuwa msichana kwao Mchukwi, na desturi zake alizijua kama anavyojua chumvi ya mchuzi. Alinifundisha. Hakuna anayekwenda gizani peke yake, akasema, lazima akusanye watu. Watu hao hawaitwi, wanakutwa, kila mmoja mahali pake: kivukoni, makaburini, njia panda. Kila mmoja lazima aulizwe anataka ujira gani, kwa sababu anayetaja ujira mmeshapatana. Kila mmoja ana kipaji chake na kilema chake. Na mmoja wao ameshawauza wenzake kabla hawajatoka nyumbani.

"Nani?" nikauliza.

"Ndiyo kazi ya msomaji hiyo. Umjue kabla Nunu hajamjua."

Basi nikaifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilimshuku mwanamume mwenye masikio makubwa aliyesikia mchwa wakila mlango wa mji mwingine. Nilimshuku kipofu anayefungua mafundo. Mchota maji sikumshuku hata kidogo. Huyo alikuwa mama wa makamo aliyetoka na Nunu nyumbani, aliyemlea, na alitembea mbele na mtungi kichwani akisema, "Kunywa, mwanangu, njia ni ndefu." Nilimpenda, nikamwonea huruma kwa mzigo. Halafu wakafika njia panda wakamkuta mtu asiye na nyusi, amekaa chini anacheka peke yake. Nunu akamuuliza anataka ujira gani. Akajibu hataki kitu.

"Ni huyu!" nikapiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Mama, ni huyu! Asiyetaka ujira anataka roho."

Mama alinitazama, akacheka, akatia unyasi kati ya kurasa kuweka alama. "Una haraka wewe. Tutaona kesho."

Kesho hiyo haikuja. Alasiri ile Baba alipanda ngazi ya dungu bila kuita hodi kutoka chini kama kawaida yake. Hakuwa na kamba wala samaki. Akaenda moja kwa moja kwenye kanda la mpunga, akaingiza mkono chini yake, akatoa kitabu. Nilishangaa amejuaje kipo pale, maana tulikuwa tunakitoa saa ambazo yeye yuko baharini.

"Kakupa nani hiki?"

"Baba Tatu, si nilikwambia? Bibi mmoja, abiria wa Mafia. Alikula vitumbua akawa hana kingine cha kunipa."

"Bibi," akasema Baba. "Bibi anakupa kitabu, wewe unakisoma mchana kutwa unacheka peke yako."

"Sicheki peke yangu. Nipo na mwanao."

Akakirusha. Kilizunguka hewani kurasa zikapigapiga, kikaangukia kwenye tope. Mama alishuka ngazi, akapita kando ya kitabu bila kukiangalia, na siku iliyofuata alifunga nguo zake kwenye kanga akanibusu utosini. Akaniambia anakwenda kuwaona wazee wake.

Mimi nilikwenda kukiokota kitabu. Nilikianika jikoni ukurasa kwa ukurasa, kwa siri, unyasi wa Mama nikaurudisha mahali pake, na tope likabaki pembezoni kama kingo za ramani. Sikuelewa kabisa kwamba kitabu chenyewe ndicho kilichomwondoa Mama. Nilielewa kinyume chake: mtu hawezi kuondoka katikati ya hadithi, kwa hiyo Mama atarudi kuimalizia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kuunganisha silabi, nikajaribu kusoma mwenyewe kwa kidole, nikaishia kuumwa na macho.

Siku zile Shangazi alihamia dungu letu. Alinipikia vizuri, lazima niseme hivyo. Wali wa nazi, kamba wa kukaanga, na aliniachia ukoko wote. Kila alipopakua alisema, "Kula, mwanangu," na jioni alinisuka huku akinong'ona kwamba tumwombee mama yangu Mungu amrudishie akili. Baba alikula bila kuinua uso. Nilimwita "Baba!" mara kwa mara nione kama atageuka. Mara nyingine hakugeuka. Nikaanza kumkagua kivuli kila akipita juani.

Mpunga ulipokaribia kuvunwa, Baba alishindwa. Sijui kama ni mapenzi au ni aibu, labda yote mawili. Mke akienda kwao kwa hasira, kwetu mume haendi kumfuata peke yake akasimama mlangoni kama anadai sufuria. Anakusanya watu. Nilimsikia akimwambia Shangazi: "Dada, itabidi nitafute wa kwenda nao Mchukwi."

Nilijua habari hiyo inavyokwenda. Baba anakusanya wasafiri, na mmoja wao ameshatuuza.

Wa kwanza alikuwa Shangazi mwenyewe, kwa sababu lazima aende mwanamke wa ukoo. Wa pili alikuwa Mzee Salehe, mshenga aliyempeleka Baba kuposa, mtu wa maneno marefu na meno machache. Mimi nilichukuliwa ili Mama akiniona moyo umlainike. Nikaamua kufuata desturi. Nilimwendea Mzee Salehe nikamuuliza anataka ujira gani. Akacheka akasema tumbaku yake tu inamtosha. Nikamuuliza Shangazi. Akanikumbatia, akanibana kifuani mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye kanga yake. "Ujira wangu mie ni kumwona wifi yangu karudi." Nikaridhika. Wote wawili wametaja ujira.

Wa mwisho tulimkuta Nyamisati. Alikuwa amekaa juu ya fungu la boriti za mikoko zinazosubiri kupakiwa, anacheka peke yake. Mwanamume mfupi, mweusi, mkavu, na kwenye paji la uso, pale ambapo watu wana nyusi, yeye alikuwa na kovu tupu la moto. Nilishika nguo ya Shangazi.

"Hao hao!" akapaza sauti. "Kima wa mikokoni wameshuka mitini! Mnakwenda wapi na mikia yenu?"

"Tunakwenda kutafuta mla ming'oko mmoja, mchimba mizizi ya porini, atusaidie kazi," akajibu Baba, na kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke nikamwona ametabasamu. "Mkumba, twende Mchukwi. Mke wangu yuko kwao."

"Najua. Mpaka kaa wanajua."

Akanyanyuka, akamvua Baba kofia kichwani, akaivaa yeye. Nilingoja Baba aidai. Hakuidai. Wala Mzee Salehe hakumkemea. Sikuwahi kuona mtu mzima akimfanyia Baba hivyo, na hakuna aliyekuwa amenieleza utani ni nini. Mambo hayo mtoto anaachiwa ayaone mwenyewe. Mimi nilichoona ni mtu mwenye nguvu juu ya baba yangu. Nikajikaza nikamsogelea.

"Wewe unataka ujira gani?"

Aliinama mpaka kovu lake likawa mbele ya macho yangu. "Mie? Sitaki kitu, kitoto cha kima. Mie nikitaka, nachukua."

Tulipanda nyuma ya pick-up iliyobeba matenga ya kamba, maji ya barafu yanatuchuruzikia miguuni mpaka Bungu. Kitabu nilikuwa nimekifunga tumboni kwa kipande cha kanga, ndani ya gauni. Njia nzima sikumwondolea macho Mkumba. Alimtukana Baba kwa vile alivyokonda, alimtukana Mzee Salehe kwa meno yake, na kila tusi lilifuatwa na kicheko. Shangazi peke yake ndiye ambaye Mkumba hakumtukana. Alimtazama tu kwa pembeni, mara nyingi, na yeye Shangazi alikuwa amekunja uso. Nikafurahi. Nilifikiri naye anamshuku kama ninavyomshuku mimi.

Bungu wakati wa kushuka kanga ikalegea. Kitabu kikaanguka barabarani, na kabla sijainama Mkumba ameshakiokota.

"Hiki changu," akasema.

Nililia. Nilimrukia mkono, nikaning'inia. Baba aliona kile kitabu, akageuza uso upande wa mashamba ya mikorosho kana kwamba amechomwa. Shangazi ndiye aliyesema. "Kitupe hicho! Kina mkosi hicho. Ndicho kilichovunja nyumba ya watu."

Mkumba aliacha kucheka. Alimtazama Shangazi kwa muda, halafu akakitazama kitabu, akafungua ukurasa, akanusa. "Mkosi?" akasema taratibu. "Haya. Nitakwenda nao mwenyewe huo mkosi." Akakitia ndani ya shati, tukashika njia ya Mchukwi, yeye na Baba wakizungumza kwa sauti ya chini mbele yetu.

Kwa babu yangu mzaa mama tulikaribishwa kwa adabu ya kuogofya. Mkeka mpya, maji ya kunywa, salamu za kuulizana mpaka habari za mifugo. Mama hakuonekana. Kulikuwa na pazia mlangoni, na chini ya pazia niliona nyayo zake. Nilizijua. Nikataka kukimbia, Shangazi akanikalisha.

Mzee Salehe alizunguka sana. Alisifu ukoo, alisifu mvua, akasema ulimi na meno havikosi kugongana, na meno yake yalivyokuwa, watu walijizuia wasicheke. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Binti yangu kakosa nini? Mie nataka kosa. Toka kaja hapa hasemi, na mume hajasema."

Baba aliinamisha kichwa. Shangazi akajisogeza mbele kidogo, akasema kwa sauti laini, "Baba, wifi yangu mie nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Binadamu anapitiwa. Tulichojia ni yaishe, ya nyuma tusiyafukue."

"Yapi hayo ya nyuma?" akauliza Babu.

Hapo ndipo Mkumba aliposimama. Kofia ya Baba aliiweka upande, akatembea mpaka katikati ya mkeka, akatandika leso yake, akatoa kitabu ndani ya shati akakilaza juu yake kwa mikono miwili, polepole, kama anayelaza mtoto.

"Wazee, assalamu alaikum. Kosa hili hapa. Tumemkamata mgoni!"

Watu wakanyoosha shingo kutazama.

"Huyu ndiye bwana aliyemtia wazimu huyu kima. Mtazameni. Hana kichwa, jalada limetoka. Hana miguu, mwisho hauonekani. Ananuka tope. Kashonwa mgongo kwa uzi wa mkeka, maskini, mgonjwa huyu! Na mume mzima, mvuvi wa kamba, kamkuta ndani mwake akamwogopa, akamtupa mtoni!" Akakipigia kitabu saluti. "Shikamoo, bwana mgoni. Umetokea wapi?"

Mtu mmoja alicheka nyuma ya pazia. Alicheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. Babu akafunika mdomo kwa mkono. Lakini mimi nilimwona baba yangu, kichwa wazi mbele ya wakwe zake, masikio yamemwiva, na huyu mtu asiye na nyusi anamcheka kwa kinywa chote. Nilichokingoja njia nzima kilikuwa kimetokea. Nikaruka juu.

"Baba! Ni huyu! Huyu ndiye kawauza wenzake! Hataki ujira, ni huyu!"

Shangazi akanishika bega haraka. "Msikieni mtoto. Mtoto hasemi uongo."

Pazia likafunguka. Mama alikuwa amekonda, macho mekundu, na bado anacheka, na alikuwa ananitazama mimi peke yangu. "Tatu," akasema. "Una haraka wewe." Nikamkimbilia. Wote waliobaki sikuwaona tena, ila sauti ya Mkumba niliisikia juu ya kichwa changu, nimezika uso kwenye kanga ya Mama. Haikuwa ya kucheka.

"Nikuulize jambo moja, mtani, halafu nikae. Wewe uko baharini. Mkeo yuko dunguni na mwanao. Mgoni kafichwa chini ya kanda la mpunga. Nani kakuonesha?"

Nilifungua jicho moja. Baba alikuwa amenyanyua kichwa, na hakutaja mtu, lakini macho yake yalikwenda yenyewe mahali, yakakaa hapo, na macho ya Babu yakayafuata, na ya Mama pia. Mimi sikufuata. Nilikuwa namtazama Mkumba asije akatuchukulia kitu kingine. Nilichosikia ni Shangazi tu, akirekebisha kanga yake na kuomba maji ya kunywa.

Tulirudi na Mama siku ya pili. Mzee Salehe alipata tumbaku yake. Mkumba tulimwacha Bungu kwake, na kofia ya Baba kichwani, na kitabu kwapani. Nilidai kitabu mbele ya wote. Akatikisa kichwa. "Alichochukua mtani hakirudi. Nitakaa nacho. Siku mkigombana tena, nitakuja nacho mpaka barazani kwenu, nikisome kwa sauti." Baba na Mama waligombana mara nyingi baada ya hapo, kama watu wote, ila waligombana kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo mwisho wa hadithi ilibidi Mama anipe kwa mdomo. Nilimbana siku tuliyorudi juu ya dungu, mpunga umeshapiga rangi ya dhahabu. Alisema ameshausoma wote na anaukumbuka vizuri. Alikuwa amekaa ubavu, anatazama ng'ambo ya shamba, ambako moshi wa jiko la Shangazi ulikuwa unapanda.

"Hakuwa yule anayecheka," akasema. "Alikuwa mchota maji."

Nilikataa. Nilimwambia haiwezekani, mchota maji ndiye aliyemlea Nunu, ndiye anayemwita mwanangu.

"Ndiyo. Alimwambia Sultani njia watakayopita, kabla hawajatoka nyumbani."

"Kwa nini?"

Mama alifikiri. "Aliogopa. Nunu akimpata dada yake, yeye ataitwa na nani?"

"Nunu akamfanya nini? Alimchoma moto?"

"Hakumfanya kitu. Hakumwambia mtu. Akamwacha aendelee kutembea mbele na mtungi wake." Akaokota bonge la udongo, akalitia kwenye kombeo. "Ila maji yake hakuyanywa tena. Alichota mwenyewe."

Mwisho gani huo? Nilinuna siku nzima. Nilitaka moto, nilitaka panga, nilitaka msaliti aangukie kwenye maji meusi akipiga kelele. Nikakua nao hivyo hivyo, na niliwasimulia wanangu kitabu chote kwa raha isipokuwa mwisho, ambao niliubadilisha. Mama naye ameshafariki. Ninayoyakumbuka juu yake ni mengi, na mengine madogo sana, kama vile alivyorudi kutoka kwao akiwa mtu asiyekula sana. Kila sahani iliyoletwa kutoka ng'ambo ya shamba alitupa mimi na Baba. Yeye alikuwa akisema, "Nimeshiba, wifi," kwa heshima, kisha baadaye namkuta jikoni anajipikia uji.

Pale Bungu, kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya msiba, hatimaye nilikifungua kitabu kutokea nyuma. Nilitaka kumwona mchota maji akiumbuka. Unyasi wa Mama bado ulikuwepo, umekuwa mwekundu. Baada ya unyasi kulikuwa na ukurasa mmoja tu. Mtu asiye na nyusi ananyanyuka njia panda, anajipangusa vumbi, mchota maji anamkaribisha maji, na sentensi inakatika katikati. Nilifikiri Mkumba alizichana kurasa zilizobaki akasokotea tumbaku. Nikakigeuza mgongo. Uzi mweusi wa Mama umepita kwenye ukurasa ule wa mwisho, umezunguka, umefungwa fundo juu yake. Alipokishona, kabla ya tope, kabla ya kugombana, kitabu kilikuwa kinaishia pale.

Mwisho hakuusoma popote. Aliutunga juu ya dungu, akitazama ule moshi.

Nililia kwa sauti, na watani wenzangu wakaja kunizomea kwamba nimeharibu kazi. Maisha yake yote sikumsikia mama yangu akimsema Shangazi vibaya, si kwa Baba, si kwa majirani, si kwangu. Mlo wa Shangazi hakuugusa miaka yote hiyo, na nilikuwa pale, nakula sehemu yake.

Shangazi bado yupo. Amezeeka, anatembelea fimbo, na kwenye msiba huo alikuja kama sisi. Aliniona nimekaa peke yangu, akakata uwanja polepole na sahani ya wali aliyoipakua mwenyewe, akaiweka mbele yangu. Halafu akaona kilichoko mapajani mwangu. Alikitazama kwa muda, kingo zake za tope.

"Kula, mwanangu," akasema.

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. "Nimeshiba, Shangazi."

Akaegemea fimbo, akainama, akaichukua sahani yake.

"Mama yako naye," akasema, "toka siku ile alikuwa akishiba upesi."